Mkato wa kulala au wa kusimama: ulinganisho kwa mama anayejifungua kwa upasuaji

Kila upasuaji wa uzazi una mikato miwili. Wa kwanza ni wa ngozi ya tumbo, unaoacha mshono ambao mama anauona kila akioga. Wa pili uko ndani, kwenye kizazi chenyewe, pale alipotolewa mtoto. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, iwe Ngamiani, Makorora au Pongwe hapa Tanga, mazungumzo yote ni ya mkato wa kwanza. "Mie walinichana kwa kulala." "Mwenzio walinipasua kwa kusimama, kovu linanitia haya." Mkato wa pili hauzungumzwi kwa sababu hakuna aliyeuona. Nao ndio unaoamua kama mimba ijayo mama ataruhusiwa kusubiri uchungu na kusukuma, au atapangiwa siku ya kurudi thieta kabla uchungu haujaanza.

Jambo ambalo ningependa kila mwanamke alijue kabla hajasaini fomu ya ridhaa ni kwamba mikato hiyo miwili haifuatani. Nje unaweza kuwa na mshono uliolala vizuri chini ya chupi, na ndani kizazi kikawa kimefunguliwa kwa kusimama. Kinyume chake pia kipo: kovu limesimama toka kitovuni mpaka kinenani, na ndani mkato ni mdogo, umelala, salama kabisa kwa mimba inayofuata. Nafanya kazi ya ukunga katika mkoa huu wa Tanga, na sijachoka kulirudia hili, kwa sababu nimeona linavyowapita hata wasomi.

Kuchagua kupo, ila kuna mipaka. Upasuaji wa kupangwa, kwa mfano mtoto ametanguliza matako au mama ana makovu ya nyuma, hutanguliwa na mazungumzo na daktari siku kadhaa kabla. Hapo una sauti, na daktari mzuri atakusikiliza. Upasuaji wa dharura hauna nafasi hiyo. Mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka, au mama ameletwa na gari la wagonjwa kutoka Handeni anavuja damu. Fomu inasainiwa palepale kitandani na daktari anaamua kwa anachokiona. Haki inayobaki baada ya dharura ni ya kuambiwa ulichofanyiwa, nayo nitaifikia.

Ngozi: mkato wa kulala

Mkato wa kulala uliozoeleka zaidi unaitwa kwa jina la daktari wa Kijerumani, Hermann Johannes Pfannenstiel, aliyeueleza mwaka 1900. Unapita chini kabisa ya tumbo, kama vidole viwili juu ya mfupa wa kinena, umepinda kidogo kufuata mkunjo wa ngozi. Urefu wake ni kati ya sentimita 10 na 15. Nywele zikiota tena na nguo ya ndani ikivaliwa hauonekani, ndiyo maana wengine wanauita mkato wa bikini.

Wanawake wengi hudhani kwamba misuli yao ya tumbo imekatwa. Haikukatwa. Ngozi na mafuta hukatwa kwa kulala, na utando mgumu mweupe unaofunika misuli nao hukatwa kwa kulala, lakini misuli yenyewe, ile miwili inayoshuka katikati ya tumbo, hutenganishwa tu: mmoja huku, mwingine kule. Baada ya hapo hufunguliwa utando laini wa ndani, na kizazi kinaonekana. Faida kubwa ya mkato huu inatokana na jinsi tumbo linavyovutwa. Misuli ya ubavuni huvuta kwenda kushoto na kulia kila unapokohoa, unapocheka au unapoinuka kitandani. Kovu lililolala huvutwa kwa urefu wake, kingo zake zinabaki zimekutana. Kovu lililosimama huvutwa kingo ziachane. Hiyo ndiyo sababu maumivu ya mkato wa kulala huwa madogo zaidi siku za mwanzo, mama huamka na kutembea mapema, na ngiri ya kwenye mshono huwa adimu.

Una ubaya wake pia. Ili kupata nafasi, daktari huubandua ule utando mgumu kutoka juu ya misuli, na hapo huachwa uwazi ambao damu inaweza kujikusanya. Mishipa midogo ya fahamu huguswa, kwa hiyo ngozi ya juu ya mshono inakufa ganzi kwa miezi, na kwa wengine ganzi hiyo haiishi kabisa. Wachache hubaki na maumivu makali ya kuchoma kwenye ncha moja ya kovu, kwa sababu mshipa wa fahamu umenaswa kwenye uzi au kwenye kovu lenyewe. Mama wa namna hiyo huambiwa anadeka. Hadeki. Arudi kwa daktari, yapo matibabu.

Kuna ndugu wa mkato huu, nao hauzungumzwi sana mitaani: wa Joel-Cohen. Nao umelala, ila umenyooka bila kupinda, na uko juu kidogo, kama sentimita 3 chini ya mstari unaounganisha ile mifupa miwili ya nyonga iliyotokeza mbele. Tofauti kubwa iko kwenye mikono ya daktari: akishakata ngozi, tabaka nyingi zinazofuata anazifungua kwa vidole badala ya kisu au mkasi. Tafiti zilizoulinganisha na ule wa Pfannenstiel zimeonyesha damu kidogo zaidi inayopotea, homa chache baada ya upasuaji, maumivu pungufu na muda mfupi wa kukaa thieta. Miongozo ya kitaifa ya Uingereza inaupendekeza mkato wa aina hiyo. Kwa macho, hasara yake ni kwamba unaweza kuchungulia juu ya nguo ya ndani. Ningekuwa nachagua kwa ajili ya binti yangu, ningechagua huu, lakini kwa sharti kwamba daktari wake ameuzoea.

Sharti hilo silitoi hewani. Kulikuwa na utafiti mkubwa ulioitwa CORONIS, uliofanyika katika nchi saba, Kenya ikiwa mojawapo, kwa wanawake zaidi ya 15,000. Walilinganisha kufungua tumbo kwa vidole na kwa vyuma, kushona kizazi kwa tabaka moja na mawili, na mengine ya namna hiyo. Matokeo ya mwaka 2013, na ya ufuatiliaji wa miaka mitatu yaliyotoka 2016, hayakuonyesha tofauti kubwa ya madhara kwa mama. Kwa hiyo usimshurutishe daktari afanye kwa njia asiyoizoea eti kwa sababu umeisoma mahali. Mkono uliozoea una thamani yake.

Ngozi: mkato wa kusimama

Huu ndio mkongwe. Unashuka kutoka chini ya kitovu mpaka karibu na mfupa wa kinena. Robert Felkin, Mwingereza aliyefika Kahura, katika Uganda ya leo, mwaka 1879, aliandika jinsi alivyomwona mganga wa pale akimpasua mama kwa mkato wa kusimama, mvinyo wa ndizi ukitumika kusafisha tumbo na mikono, na ngozi ikifungwa kwa pini za chuma na uzi wa magome. Kizazi hakikushonwa, na mama na mtoto walikuwa hai alipoondoka. Afrika Mashariki ilikuwa na ujuzi huu kabla ya hospitali za Wajerumani kufika pwani yetu, na nafurahi kila ninapolitaja hilo kwa wanafunzi.

Leo mkato wa kusimama haujafa, ila una mahali pake. Unaingia haraka, unapita kwenye mstari wa katikati wenye damu kidogo, na daktari akihitaji nafasi zaidi anaweza kuurefusha kupita kitovu. Kwa hiyo hutumika pale kondo la nyuma lilipoota ndani ya kovu la zamani na damu nyingi inatarajiwa, pale inapohofiwa kuna tatizo jingine ndani ya tumbo, au mama ana makovu na kushikana kwingi kwa viungo. Pia hutumika upasuaji unapofanywa kwa ganzi ya kuchoma tumboni tu, pasipo sindano ya mgongoni wala nusu kaputi.

Hoja ya haraka ipimwe vizuri. Wengi huamini kwamba kwa dharura ni lazima kusimama, eti kulala kunachelewesha. Kwa daktari mwenye uzoefu, tofauti kutoka kukata ngozi mpaka mtoto kutoka ni kama dakika moja au mbili, na watoto wanaotolewa kwa njia hiyo ya haraka hawajaonekana kuwa na hali bora kuliko wenzao. Dakika nyingi zaidi hupotea njiani, kwenye kutafuta damu, na kwenye kusubiri ndugu wa kusaini.

Gharama ya mkato huu mama anailipa baadaye. Unauma zaidi akivuta pumzi ndefu au akikohoa, na hatari ya mshono kuachia na ya ngiri ni kubwa zaidi. Kovu hutanuka. Kwa ngozi zetu nyeusi, ambazo huota makovu ya kuvimba kirahisi, hilo si dogo: kama uliwahi kutoga sikio au kupata kidonda kifuani kikavimba kikawa kigumu, mwambie daktari mapema.

Kuna kundi moja ambalo jibu lake si jepesi, nalo ni akina mama wenye tumbo kubwa lililoning'inia. Mkato wa kulala wa chini unaangukia ndani ya mkunjo, mahali pa jasho na joto, na kwa hali ya hewa ya Tanga, hasa miezi ya Januari na Februari, mkunjo huo haukauki. Madaktari wengine hupandisha mkato wa kulala juu ya mkunjo, wengine husimamisha. Tafiti hazijakubaliana. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kuhusu matunzo: dawa ya kuua vijidudu (antibayotiki) itolewe kabla ya ngozi kukatwa, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, na ukiwa nyumbani mkunjo uinuliwe na ukaushwe kwa kitambaa safi mara kadhaa kwa siku. Usipake chochote ambacho hukuandikiwa hospitali, hata kama bibi jirani anakisifia.

Mkaja na maji ya moto

Haya ni ya kwetu, na vitabu vya madaktari haviyagusi. Mzazi wa pwani hufungwa mkaja na hukandwa kwa maji ya moto. Mkaja sina ugomvi nao. Kitambaa kinachoshikilia tumbo baada ya upasuaji humsaidia mama kutembea bila kushika mshono kwa mkono, mradi kiwe safi na kikavu, kisibane mpaka pumzi ikate, na kifunguliwe mara kwa mara kidonda kipate hewa. Kwa mkato wa kulala, ukingo wa chini wa mkaja husugua mshono usipoangaliwa, kwa hiyo ushuke uufunike mshono wote au uishie juu yake. Kwa mkato wa kusimama mkaja unaufunika wenyewe.

Kukanda tumbo kwa maji ya moto ndiko ninakokukataza. Nimesema ngozi ya juu ya mshono imekufa ganzi. Shangazi anachovya kitambaa kwenye maji ya kuchemka, anakikamua, anakibandika, na anauliza, "Moto huo?" Mzazi anajibu "La," naye anasema kweli, hasikii. Nimeona ngozi iliyobabuka malengelenge, kidonda cha upasuaji kikiwa katikati yake, kwa sababu mtu aliyempenda alimkanda kwa bidii. Wamkande mgongo na miguu kama wanataka. Tumbo waliache.

Ndani: mkato wa kizazi

Mimba inapokaribia kutimia, sehemu ya chini ya kizazi hunyooka na kuwa nyembamba. Hapo ndipo daktari hukata kwa kulala, baada ya kukisogeza kibofu cha mkojo chini. Mkato huu ulipiganiwa sana miaka ya 1920 na daktari Munro Kerr wa Glasgow, na leo ndio unaotumika karibu kila mahali. Sehemu ile ina misuli michache, kwa hiyo haivuji damu nyingi, hushonwa kirahisi, na wakati wa uchungu haijikazi kwa nguvu kama sehemu ya juu, ila hutanuka taratibu. Kovu likikaa hapo limekaa mahali pa utulivu.

Aina ya pili ya mkato wa kizazi hupita juu, kwenye mwili wa kizazi, nao umesimama. Huko misuli ni minene. Damu hutoka nyingi, kushona ni kazi, na mara mtoto anapotoka kizazi huanza kujikunyata kurudi udogo wake, nyuzi zinalegea kabla kovu halijashika. Mimba ijayo, uchungu ukianza, nguvu zote za kusukuma zinatoka hapohapo penye kovu.

Hapa tofauti ni ya nambari, na ningependa uzitazame kwa makini. Mama mwenye kovu moja la kulala la chini akisubiri uchungu, kizazi hupasuka kwa wanawake wasiofika 1 kati ya 100. Mwenye kovu la kusimama la juu, ni kati ya 4 na 9 kwa kila 100, na kwake kizazi kinaweza kupasuka hata uchungu haujaanza. Ndiyo maana wa kwanza anaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, hospitalini penye thieta na damu, na wanaojaribu hufanikiwa kati ya 60 na 80 kwa kila 100. Wa pili hajaribu. Hupangiwa upasuaji kati ya wiki ya 36 na ya 37.

Katikati yao kuna mikato ya mchanganyiko. Mmoja umesimama lakini uko sehemu ya chini. Hatari yake haijulikani kwa usahihi kama ya hiyo miwili, na tatizo lake ni kwamba mara nyingi hupanda juu bila kukusudiwa. Mwingine huanza umelala, kichwa cha mtoto kinakwama, daktari anaongeza mkato kwenda juu, ukawa na umbo la herufi T iliyogeuzwa au J. Huyo mama naye huwekwa kundi moja na mwenye mkato wa juu, hajaribu uchungu tena. Na huyu ndiye ninayemhofia kuliko wote, kwa sababu nyongeza ile ilifanyika kwa sekunde chache, kila mtu akimtazama mtoto, na ikipita bila kuandikwa imepotea.

Kwa nini daktari akate juu, wakati chini ni bora? Kwa sababu kuna siku chini hapapitiki. Mimba ikiwa changa, sehemu ya chini haijajitengeneza, hakuna nafasi ya kumtoa mtoto bila kumuumiza. Mtoto amelala kikingama na mgongo umeelekea chini, hakuna mguu wala mkono wa kushika. Kuna uvimbe mkubwa wa kizazi umekaa palepale pa kukata. Kondo la nyuma limeshika kovu la zamani na kulikata ni kufungulia damu. Katika hali hizo mkato wa juu ndio unaookoa, na mama asijione amefanyiwa vibaya. Uzito wote uko kwenye kumwambia.

Mama mmoja alikuja kliniki na mimba ya pili, ya wiki 34. Mshono wake wa nje ulikuwa mwembamba, umelala chini kabisa, mpaka nikamwita mwanafunzi autazame. Alitaka kuzaa kawaida safari hii, na mama yake aliyemsindikiza alishamkatia kitambaa cha mkaja. Nikamuuliza, "Mwanangu, yule wa kwanza alizaliwa na miezi mingapi?" Akanijibu, "Miezi sita na kitu, nesi. Alikuwa njiti." Nikaomba karatasi ya ruhusa. Alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya mtoto, wino umefifia penye mikunjo. Mstari mmoja, mwandiko wa haraka, ulisema kizazi kilifunguliwa kwa kusimama, sehemu ya juu, na asiruhusiwe uchungu mimba ijayo. Karatasi aliitunza vizuri miaka yote hiyo. Hakuna aliyewahi kumsomea.

Mama yake alikaa kimya, kisha akauliza, "Na huu mshono mzuri hivi?" Nilimweleza kama nilivyokueleza hapa. Binti alipewa rufaa siku ileile, akapasuliwa kwa kupangwa kabla ya wiki ya 37 kutimia, naye na mtoto wakatoka salama.

Basi uchague vipi

Kwa ngozi, kama upasuaji ni wa kupangwa na hakuna sababu maalumu, omba mkato wa kulala, na aina yake mwachie daktari aliyeuzoea. Akikwambia atasimamisha, muulize sababu. Sababu nzuri zipo na atakutajia. Kama una kovu la kusimama la zamani, si lazima lifuatwe tena, uliza kama kulala kunawezekana. Kama una kovu la kulala, kwa kawaida hupitiwa lilelile, na la zamani likiwa baya linaondolewa.

Kwa kizazi huchagui, unauliza. Kabla: "Daktari, kuna chochote kinachoweza kukufanya ukate juu?" Jibu la ultrasaundi kuhusu kondo na uvimbe linasaidia hapo. Ikiwa uwezekano upo, ndio wakati wa kuzungumza na mume kuhusu idadi ya watoto na uzazi wa mpango, maana kitanzi kinaweza kuwekwa thieta palepale, na anayetaka kufunga kizazi anafungwa humo humo. Mazungumzo haya hayafai kuanzishwa mama akiwa kitandani na mpira wa mkojo. Kwa vyovyote, baada ya upasuaji wowote ule, usishike mimba mapema: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 kutoka kujifungua mpaka mimba nyingine, na kovu la kizazi ni sababu mojawapo ya kuuheshimu muda huo.

Baada: usitoke wodini bila majibu ya maswali matatu. Kizazi kilikatwa wapi na kwa mwelekeo gani? Mkato uliongezwa? Mimba ijayo naruhusiwa uchungu au la? Majibu yaandikwe kwenye kadi ya kliniki na karatasi ya ruhusa, na uombe usomewe kwa Kiswahili. Ukiona herufi LSCS, maana yake kwa kawaida ni mkato wa chini. Ukiona neno "classical", huo ni ule wa juu. Piga picha karatasi kwa simu, mtumie mume, dada na mama, maana simu zinaibwa na karatasi zinalowa. Sisi wauguzi tuna kazi nyingi, lakini swali hilo halimuudhi mtu anayejua kazi yake.

Kama karatasi imepotea, rudi hospitali uliyopasuliwa wakutafutie faili. Lisipopatikana, historia yako itasema mengi. Ulipasuliwa mimba imetimia, mtoto kichwa chini, baada ya uchungu mrefu? Karibu hakika mkato ulikuwa wa chini na wa kulala. Mtoto alikuwa njiti, au alilala kikingama, au ulivuja damu kwa sababu ya kondo, au daktari alisema maneno kama "usije ukazaa tena kawaida"? Mweleze mkunga hayo yote hudhurio la kwanza, usingoje akuulize.

Na umbali nao uhesabiwe. Kutoka Pangani mjini mpaka Tanga ni kama kilomita 50, na anayeishi ng'ambo ya mto, Bweni na kuendelea, ana mto wa kuvuka kabla hata hajaianza safari hiyo. Mwenye kovu la kizazi, hata lile la chini, asisubirie uchungu huko. Ikifika wiki ya 36 ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali yenye thieta inayofanya kazi usiku na mchana, kama Bombo. Mwenye kovu la juu ahame mapema kuliko hapo, kwa tarehe atakayopewa na daktari. Maumivu yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine, maumivu penye kovu, damu ukeni, uchungu uliokuwa mkali kukatika ghafla, mtoto kuacha kucheza, kizunguzungu: lolote kati ya hayo ni la kuondoka usiku huohuo, na dereva aambiwe kabla kwamba ataamshwa.